Faili Lililoitwa Bisibisi

12 Mei 2024

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho tulimaliza salamu, tukaulizana habari za mvua, na dakika ya tatu tayari tulikuwa tunatajiana makosa ya mwaka arobaini na saba. Barua angalau haipandishi sauti.

Mama yuko vilevile. Asubuhi ananijua, jioni ananiita mama mdogo na kunihimiza nirudi kwa mume wangu kabla hakujachelewa. Ningekuwa na huyo mume ningekwenda. Lakini kuna jambo moja halisahau. Kila siku ananiuliza kama ile barua ya baba kwa Bisibisi imekwisha. Nilidhani ni maneno ya maradhi, mpaka juzi akaniambia kwamba baba alikuwa akiiandika asubuhi, kabla ya kufungua duka la chapa, na kwamba alikuwa akimzuia asiingie na chai mpaka amalize.

Unajua mashine ya baba ilikufa mwaka mmoja baada ya mwenyewe. Lile sanduku nililitupa, ila diski yake niliihifadhi kwenye kopo la vifungo. Nikaipeleka shuleni, na fundi anayekuja kurekebisha kompyuta za ofisi yetu akaichomeka kwenye yake. Majina ya mafaili aliyaona yote: kadi za harusi, mitihani, risiti za watu. Akifungua, yanatoka makorokocho tu. Katikati ya majina hayo liko moja, kwa herufi kubwa: BISIBISI.

Hakuna mtu mwingine baba aliyemwita hivyo. Alikupa jina hilo ulipofungua redio yake ukiwa na miaka tisa, ukabakiwa na misumari miwili isiyo na pa kwenda.

Nikutumie diski? Wewe ndiye fundi wa ukoo.

Dada yako


20 Mei 2024

Shikamoo dada,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mbili kazini na moja nyumbani. Kazini kwetu ni vumbi tupu. Kompyuta za kiwanda cha saruji hazifi kwa virusi, zinakufa kwa mapafu, na kazi yangu kutwa ni kuzipuliza. Nikipiga chafya inatoka zege.

Diski usinitumie. Tafadhali.

Ulikuwepo siku ile, ulikuwa mlangoni na trei. Nilitaka kumshangaza baba. Nilimwekea mfumo mpya kwenye mashine yake, nikafuta diski nikiamini nakala ya kila kitu nimeitoa, kumbe nakala niliyoitoa ilikuwa ya mitihani. Kamusi yake ya maneno ya wapiga chapa, miaka sita ya kuwafuata wazee majumbani na daftari, ilikwenda na maji. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema, "Mkono wako usiguse tena kitu changu." Kesho yake nikaondoka, na hata kumzika sikuwahi. Hakulifuta neno lile, na aliyelisema hayupo wa kulifuta. Wewe utasema ni ushamba. Sawa, ni ushamba, lakini mkono ni wangu.

Kwa hiyo mkono utakuwa wako, mimi nitakuwa mdomo. Programu aliyotumia baba kampuni yake ilikufa zamani, na inafanya kazi kwenye ule mfumo wa zamani peke yake. Na mfumo wenyewe una maringo: waliouunda waliufunga ukubali kukaa kwenye mashine zao tu, na za umri ule hazipatikani tena. Itabidi tuuweke kwenye kompyuta ya kawaida, ya mtaani. Omba shuleni mojawapo ya zile zilizotupwa stoo.

Namna yake ni hii. Nakutumia flashi. Ndani yake mna kijiprogramu kinachoamka kabla ya mfumo na kuusubiri mlangoni. Mfumo ukiuliza, "Hapa ni kwetu?" chenyewe kinajibu, "Ndiyo, ni kwenu, karibu." Ukishaamini, unakaa. Uongo mdogo tu, lakini bila huo hakuna kitu.

Maelezo ni kurasa kumi na moja. Yafuate kama yalivyo, usiruke mstari hata ukiona ni wa kijinga. Fanya kazi ukiwa na karatasi mkononi, si simu sikioni.

Nisalimie Mama.

Bisibisi


28 Mei 2024

Mdogo wangu,

Flashi imefika, imefungwa kwenye soksi. Natumaini ilikuwa safi.

Mwalimu mkuu amenipa mashine, akasaini na karatasi kwamba ni kifaa chakavu. Nikamwambia tuko wengi. Nimeiweka kwenye meza ya chumba cha baba, pale pale ilipokuwa ile nyingine. Hata alama za miguu yake bado zipo kwenye mbao.

Nimefuata kurasa zako kumi na moja kama zilivyo. Nimebonyeza kitufe unachosema nibonyeze wakati inaamka, nimeingia kwenye yale maandishi ya bluu, nimezima ulivyosema nizime. Yakaanza kushuka maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, mengi, nikafurahi. Kisha yakasimama. Mstari wa mwisho ni uleule, nimeunakili nyuma ya barua hii. Nimejaribu mara tisa kwa siku nne. Mara ya tisa niliusoma mstari huo kwa sauti, nikidhani labda unataka kujibiwa.

Wewe umezoea, mimi mwenzio kazi yangu ni karani. Najua kupanga majalada na kupiga chapa barua za kuwaita wazazi. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi.

Na Jumapili, nikiwa nimeinama kwenye hiyo mashine, Mama alitoka nje peke yake. Mwenye duka la vitambaa alimkuta barabarani amevaa kiatu kimoja, anakwenda kukupokea. Nimechoka, mdogo wangu. Sisemi ili unihurumie, nasema kwa sababu ni kweli. Kumwinua kitandani, kumwogesha, kwenda kazini, kurudi kumtafuta. Mgongo wangu hauulizi tena kama ni asubuhi au jioni.

Hili ungelifanya kwa saa moja. Safari ya basi ni siku moja tu.

Dada yako


3 Juni 2024

Shikamoo dada,

Mstari ule naufahamu. Ni kadi ya picha, mfumo haumjui huyo jamaa na umekataa kuendelea mbele yake. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa sanduku. Utaona kadi ndefu yenye feni ndogo. Toa msumari mmoja, bonyeza kikamatio cha chini, uing'oe bila huruma. Waya wa skrini uchomeke kwenye tundu la juu zaidi. Bisibisi za baba ziko kwenye droo ya chini kulia, kama hujazihamisha. Ya kichwa cha msalaba ndiyo utakayoitaka.

Ukivuka hapo utakutana na kikwazo kingine, nakwambia mapema usije ukalia. Itaandika kwamba nakala hii imeharibika. Haijaharibika. Ina cheti ndani yake, na cheti kimepitwa na wakati, basi mfumo unaangalia saa ya mashine, unaona tumechelewa, unagoma. Dawa yake ni kurudisha saa nyuma. Rudi kwenye maandishi ya bluu, uweke tarehe 9 Machi 2015. Nimeichagua tu, yoyote ya miaka ile ingefaa. Mfumo utadhani bado ni enzi zake. Ukimaliza, iache hivyo hivyo, usiirekebishe, itaendelea kuhesabu siku kutoka hapo.

Kuhusu kuja, likizo kiwandani ni ngumu mwaka huu.

Sivyo. Nimeandika mstari huo nikaona aibu, lakini sina karatasi nyingine ya kuanzia. Nina siku ishirini na sita za likizo ambazo sijazichukua. Nikiwa kwenye kile chumba na vitu vyake vyote, dada, mikono yangu nitaiweka wapi?

Funga mlango wa nje kwa komeo la juu, Mama halifikii.

Bisibisi


10 Juni 2024

Mdogo wangu,

Jana Jumapili imekubali.

Kadi niliing'oa, msumari haukubaki. Saa nikairudisha mpaka tarehe uliyosema. Ule mstari wa mwisho ukapita kama vile haukuwahi kuwepo, na baada ya muda skrini ikawa na rangi ile ya samawati tuliyoizoea. Nikachomeka diski ya baba. Kila kitu kikajipanga alivyokipanga: kadi za harusi juu, mitihani chini, risiti pembeni. Sauti haitoki, kipanya kinaganda mara kwa mara, lakini imekaa. Mama alikuja akasimama mlangoni na kunong'ona kwamba tusimsumbue, baba yenu anafanya kazi.

Faili lako sijalifungua. Nililiangalia jina lake tu, nikazima.

Mama alianguka bafuni Alhamisi. Hakuvunjika. Nilishindwa kumwinua, nikakaa naye sakafuni mpaka jirani aliporudi kutoka kazini, karibu saa tatu nzima. Tuliimba nyimbo zote tunazozijua. Zilipokwisha akaniuliza Bisibisi anakuja lini, nikamwambia anakuja. Nilimwambia hivyo kwa sababu sakafu ilikuwa baridi na sikuwa na la zaidi.

Nitalifungua wiki hii nikitulia.

Dada yako


15 Juni 2024

Mdogo wangu,

Nimelifungua. Ni barua, kama Mama alivyosema. Nimeichapa kwa printa ya baba, bado inakohoa lakini inatoa. Naiambatisha, isome ukiwa umekaa.

Sina la kuongeza. Komeo la juu la mlango ni bovu, linahitaji mtu.

Dada yako


DUKA LA CHAPA
Kadi, Risiti, Mitihani na Kazi Zote za Karatasi

14 Machi 2015

Mwanangu Bisibisi,

Ni siku nyingi nataka kukuandikia. Mambo ya ile diski yamekwisha, maji yakimwagika hayazoleki. Nilisema neno kubwa siku ile kwa uchungu, na sasa nalirudisha. Mkono wako uguse kila kitu changu, maana nitakapoondoka kitakuwa chako na cha dada yako.

Mama yenu anazeeka. Dada yako hana wa kumsaidia na hatasema, unamjua alivyo. Rudi nyumbani umtazame mama yako. Usinisubiri mimi nikuite mara ya pili.

Nakukumbatia kwa moyo wote.

Baba yako


24 Juni 2024

Dada,

Barua ilifika Ijumaa. Niliisoma nimekaa, kama ulivyoagiza. Kisha nikasimama, nikashusha begi juu ya kabati, nikapanga mashati manne na suruali mbili, nikamwandikia msimamizi kuomba zile siku ishirini na sita. Nililia pia, sitaficha. Jirani aligonga kuuliza kama kuna msiba, nikamwambia hapana, ni habari njema.

Jumamosi nikaisoma tena, na jicho la fundi likaamka.

Kile kichwa cha barua nilimtengenezea mimi nikiwa na miaka kumi na tisa, nikakiweka tena pamoja na mfumo mpya. Tarehe kinajaza chenyewe kutoka kwenye saa ya mashine, siku barua inapoanzishwa, na ikishajazwa haibadiliki tena. Saa uliirudisha hadi 9 Machi 2015 ile Jumapili ya tarehe 9 Juni. Hesabu siku tano. Barua ya baba ilianzishwa Ijumaa ya tarehe 14 Juni, dada, ukiwa umetoka kazini.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako imeishia kwenye mstari wa tatu. Na baba hakuwahi kumkumbatia mtu kwa karatasi. Alikuwa akimaliza barua zote, hata za rambirambi, kwa "Ni mimi."

Nimekasirika, lakini hasira zenyewe zimechoka, zinakaa chini kila nikizisimamisha. Ungeniambia tu kwamba umeshindwa. Najua, umeniambia. Umeniambia kwenye kila barua, nami nikakujibu habari za komeo. Begi liko mlangoni bado, sijalifungua wala sijalibeba.

Sasa nataka ukweli, hata kama ni mbaya. Kwenye BISIBISI mna nini? Kama hukuandika maneno yako juu ya yake, lifungue tena, usihifadhi chochote, usiguse hata herufi moja. Nenda juu kwenye orodha ya kwanza, chagua neno "takwimu". Kitatokea kidirisha. Ninakilie kila kilichomo, namba zote, usiruke mstari hata ukiona ni wa kijinga.

Bisibisi


30 Juni 2024

Mdogo wangu,

Niliandika mimi. Nilipoona mashine inajaza 2015, baba yu hai kabisa, nikasema hata yenyewe inanisaidia. Nimekuwa karani miaka thelathini na moja na sijawahi kughushi hata sahihi ya mzazi. Sikuombi radhi kwa kutaka uje. Nakuomba radhi kwa kukifanya kinywa cha baba kiseme nilichotaka mimi. Lakini nawe ulinifundisha: kitu kikigoma kukaa, unakidanganya kidogo mlangoni kwamba ni kwao, kikiamini kinakaa.

Faili lenyewe sikuligusa. Yangu niliianzisha pembeni, kwa sababu niliogopa. Sasa haya hapa ndiyo yaliyomo. Tarehe ya juu, 17 Agosti 2012. Chini yake mstari mmoja, nao haukwisha:

Mwanangu, kuhusu ile diski

Basi. Hakuna nukta, hakuna "Ni mimi". Nilipouona siku ile nilikaa nikauangalia mpaka skrini ikajizima. Nikasema siwezi kumtumia mtu kitu hiki, nusu ya sentensi. Ndipo nikafanya nilichofanya. Dirisha lako la takwimu sikulijua.

Nimelifungua leo. Limeandikwa hivi:

Limeundwa: 17 Agosti 2012
Maneno: 4
Limehifadhiwa: mara 214
Muda wa kufanyiwa kazi: saa 61, dakika 20
Badiliko la mwisho: 2 Novemba 2017

Hiyo ya kwanza ni siku uliyoondoka. Hiyo ya mwisho ni Alhamisi, na Jumatatu tukampeleka hospitali, hakurudi. Miaka mitano, mdogo wangu. Mara mia mbili na kumi na nne anaandika, anafuta, anaandika, anafuta, na Mama amesimama nje na chai inapoa.

Sijui alitaka kusema nini kuhusu ile diski. Nilimsomea Mama mstari ule, ilikuwa asubuhi, ananijua. Nikamwuliza, baba alitaka kumsamehe au kumlaumu? Akaniangalia kama mtoto wa darasa la kwanza, akasema, "Mtu akitaka kukulaumu anamaliza siku ya kwanza."

Usemi huo si wangu. Huo kausema yeye, unaweza kumwuliza mwenyewe, ila uje asubuhi.

Dada yako


5 Julai 2024

Shikamoo dada,

Ni barua fupi, basi linaondoka saa moja na nataka ikutangulie, ingawa huenda tukafika pamoja.

Nimezipitia zile namba kama ninavyopitia mashine iliyoletwa imekufa. Nimejaribu kuzisoma vibaya. Nikajiambia labda alikuwa anatafuta tusi zuri, mpiga chapa hakubali neno la pili kwa ubora. Lakini saa sitini na moja, kwa mzee aliyepanga ukurasa mzima wa mtihani kwa dakika arobaini. Niliketi kitandani nikajaribu kuimalizia ile sentensi mwenyewe, na mimi nikashindwa, nikafuta, nikaanza tena. Mara ya saba nikaelewa alivyokuwa.

Neno lake la siku ile bado halijarudishwa. Nalibeba hivyo hivyo, lisilorudishwa, nakuja nalo. Mikono nitaiweka kwanza mgongoni mwa Mama, kumwinua. Kazi ya pili ni komeo.

Ile barua yako usiichane. Baba angepitisha maneno yake mengi, isipokuwa lile la kukumbatia.

Na saa ya mashine usiirekebishe. Iache huko huko ilipo, nitakuja kuirudisha kwa mkono wangu.

Ni mimi,
Bisibisi